Kokoa Inapokutana na Nafaka: Chokoleti ya Nyumbani Oaxaca, Manila na Ulaya

Asubuhi ya mvua, katika nyumba nyingi za Ufilipino, utakuta sufuria ya uji mekoni. Ni uji wa mchele unaonata, uliopikwa pamoja na kokoa iliyosagwa hadi ukawa na rangi ya udongo uliolowa. Juu yake humiminwa maziwa, na pembeni huwekwa kisahani cha samaki wadogo wa chumvi waliokaushwa kisha wakakaangwa. Uji huo huitwa champorado. Ng'ambo ya Bahari ya Pasifiki, nchini Mexico, uko uji mwingine wa kokoa uitwao champurrado, nao hupikwa kwa mahindi. Jina ni karibu lile lile na kokoa ni ile ile. Kilichobadilika ni nafaka.

Badiliko hilo dogo ndilo lililonisukuma kuandika. Wengi wanaotaka kutengeneza chokoleti nyumbani, kuanzia mbegu hadi mwisho, huanza na picha moja tu akilini: kile kipande cheusi kinachong'aa, kinachovunjika kwa mlio na kuyeyuka ulimini bila chenga hata moja. Wakikikosa hudhani wameshindwa chokoleti yenyewe. Lakini kipande hicho ni kitinda mimba katika ukoo mrefu sana. Mila zilizofaulu kuiweka chokoleti nyumbani kwa vizazi na vizazi hazikupita njia hiyo. Ziliikaribisha kokoa kwenye nafaka yao, zikaipa viungo vyao, na zikaiacha na chenga zake.

Njia moja hadi kwenye ungo

Mila zote ninazozilinganisha hapa husafiri pamoja kitambo kabla ya kuagana. Tunda la kokoa hupasuliwa, na mbegu zake zenye ute mweupe na mtamu hurundikwa kwenye sanduku la mbao au kufunikwa kwa majani ya mgomba. Kwa kawaida huvundikwa siku 5 hadi 7, zikigeuzwa mara kwa mara. Ute huchacha, rundo hupata joto linalokaribia nyuzijoto 50, kiini hufa, na ndani ya mbegu huanza mabadiliko yatakayozaa harufu ya chokoleti baadaye. Kisha mbegu huanikwa juani hadi unyevu ubaki kiasi cha asilimia 7.

Baada ya hapo kazi huingia jikoni. Mbegu hukaangwa bila mafuta, kwa moto wa wastani, huku zikikorogwa mpaka zianze kulia na maganda yalegee. Hupondwa kidogo, kisha hupepetwa. Mwanamke wa Kiswahili hahitaji kufundishwa hatua hii, kwa maana ungo anao na mkono wake unaijua kazi. Maganda huruka, mapande meusi hubaki.

Ndipo kusaga kunapoanza, na hapa pana jambo linalomshangaza kila anayejaribu mara ya kwanza. Kokoa haitoi unga. Zaidi ya nusu ya uzito wa mbegu hizo ni mafuta, na mafuta hayo huyeyuka kwenye nyuzijoto 34 hivi, chini kidogo ya joto la mwili wa mtu. Kwa hiyo ukisaga, mambo huenda kama yanavyoenda kwa karanga: kwanza chenga, kisha tope zito, kisha uji mweusi unaong'aa. Aliyewahi kusaga karanga za kuungia mchicha ameshaonja nusu ya safari hii.

Hapo ndipo njia zinapogawanyika, na swali linalozitenga ni moja: tusage hadi wapi, na kwa ajili ya nini?

Oaxaca: jiwe juu ya makaa

Mexico na Guatemala zina jibu la kale kuliko yote yanayoandaliwa hadi leo. Mti wenyewe asili yake ni misitu ya Amazon ya juu. Nchini Ekwado yamepatikana mabaki ya kokoa yenye umri wa miaka 5,300 hivi. Lakini ni watu wa Mexico na nchi jirani walioifanya kokoa kuwa kinywaji cha heshima, na hata fedha. Orodha ya bei iliyoandikwa Tlaxcala, nchini Mexico, mwaka 1545 inaonyesha kwamba bata mzinga jike mzuri alinunuliwa kwa mbegu 100 za kokoa, na nyanya kubwa kwa mbegu moja.

Chombo cha kazi ni metate, jiwe pana lenye miguu mitatu, na mtoto wake wa kusagia. Msagaji hupiga magoti mbele yake kama wanavyofanya wanawake wetu mbele ya jiwe la mtama au ulezi. Tofauti iko chini ya jiwe. Anayesaga kokoa huweka makaa hapo, jiwe lipate uvuguvugu, mafuta yayeyuke na kokoa ianze kutiririka. Bila joto hilo utasaga kutwa nzima upate chengachenga kavu.

Katika jimbo la Oaxaca, nchini Mexico, kokoa husagwa pamoja na sukari, mdalasini na mara nyingi lozi. Donge linalopatikana hufinyangwa visahani au vifimbo, likaachwa ligande. Siku ya kunywa, kisahani hutiwa kwenye maji au maziwa ya moto, na hapo huletwa molinillo, mti wa kukorogea wenye kichwa kilichochongwa, unaozungushwa kati ya viganja viwili hadi povu lipande. Lugha yetu inalo jina la kifaa cha namna hiyo: upekecho. Kabla ya upekecho huo kuenea enzi za Wahispania, povu lilipatikana kwa kumimina kinywaji kutoka chombo cha juu hadi cha chini. Chombo kimoja cha Wamaya, chenye umri wa zaidi ya miaka 1,200, kimechorwa mwanamke akifanya hivyo hivyo. Ni mkono ule ule wa mama anayepoza chai ya mtoto kwa vikombe viwili, ila mwanamke wa Kimaya alitafuta povu.

Mambo mawili ya Oaxaca yanastahili kuzingatiwa. La kwanza ni mahindi. Mbali na champurrado, wana tejate, kinywaji baridi cha mahindi, kokoa, kokwa ya tunda la mamey na maua ya kunukia, kinachokandwa kwa mkono hadi povu zito lielee juu. Kokoa inakaa ndani ya chakula kikuu cha watu. La pili ni kinu cha mtaani. Watu wengi leo hawapigi magoti tena. Hupeleka kokoa yao, sukari yao, mdalasini na lozi kwa msagishaji, kama sisi tunavyopeleka mahindi mashineni. Mashine husaga kwa dakika chache, lakini kipimo cha sukari na wingi wa mdalasini ni uamuzi wa nyumba. Jasho limehamia kwenye mtambo, ila mamlaka ya ladha yamebaki kwa mama.

Manila: jina lilivuka, nafaka ikabadilika

Kuanzia mwaka 1565 hadi 1815 merikebu za Hispania zilikuwa zikivuka kati ya Acapulco, Mexico, na Manila, Ufilipino. Katika karne ya 17 miche ya kokoa ilisafiri kwa njia hiyo, pamoja na ujuzi wa kuisaga na kuipekecha. Wafilipino waliupokea ujuzi huo na kuutia mkono wao.

Kwanza waliurahisisha. Visahani vyao, viitwavyo tablea, mara nyingi ni kokoa tupu iliyokaangwa na kusagwa, bila lozi na bila mdalasini. Sukari huongezwa sufuriani au mezani, kila mtu kwa ulimi wake. Upekecho wao wanauita batirol, na kinywaji wanakiita tsokolate. Kwa kuwa tablea haina mapambo, ubaya wa mbegu haufichiki: kokoa iliyoungua au iliyovundikwa nusu hujitangaza kwenye kikombe.

Pili, waliifanya chokoleti kuwa kipimo cha utu. Katika riwaya ya José Rizal, Noli Me Tángere, iliyochapishwa mwaka 1887, kuna padri anayemwagiza mtumishi wake alete chokoleti kwa mlio mmoja kwa mgeni anayeheshimiwa na kwa mlio mwingine kwa mgeni wa kawaida. Mlio wa kwanza maana yake nzito, wa pili maana yake iliyozimuliwa maji. Msomaji wa pwani ataelewa mara moja, maana sisi pia tunajua chai ya mgeni na chai ya mpita njia. Rizal alitumia kikombe cha chokoleti kufichua dharau, na aliweza kwa sababu wasomaji wake walikuwa na kikombe hicho nyumbani.

Tatu, na hili ndilo kubwa, walibadilisha nafaka. Mwenyeji wa visiwa vya mpunga hakuona sababu ya kutafuta mahindi ili apike champurrado. Alichukua mchele wake. Samaki wa chumvi pembeni ni nyongeza ambayo Mexico haikuifikiria: utamu mzito wa kokoa hutafuta chumvi, na chumvi ya wavuvi ilikuwa karibu.

Visiwa vya Karibi vina undugu na njia hii. Grenada, Saint Lucia na Dominica, vitukuu vya Waafrika waliopelekwa huko utumwani wana chai ya kokoa. Husaga kokoa iliyokaangwa, hufinyanga vidonge au vifimbo, kisha huvikwangua kwenye maji yanayochemka pamoja na mdalasini, jani la bay na kungumanga. Huko pia chokoleti ilibaki ya kikombe, na huko pia ilibaki nyumbani.

Ulaya: safari ya kuelekea ulaini

Ulaya nayo ilianza kwa jiwe. Hispania, na baadaye Bayonne kusini mwa Ufaransa, wasagaji walipiga magoti mbele ya jiwe lenye asili ya metate. Kisha ikaja karne ya 19. Mwaka 1828 van Houten wa Amsterdam alipata hataza ya mashine ya kukamua mafuta ya kokoa. Mwaka 1847 kampuni ya Fry ya Bristol iliyarudisha mafuta hayo kwenye unga wa kokoa na sukari, ikapata tope linaloweza kumiminwa kwenye kalibu likagande: chokoleti ya kutafuna. Mwaka 1875 Daniel Peter wa Uswisi aliongeza maziwa. Mwaka 1879 Rodolphe Lindt, mjini Bern, aliisugua na kuikoroga chokoleti kwa muda mrefu ndani ya chombo chenye umbo la kombe la baharini. Chenga zikapotea, ukali ukapungua, ikawa laini kama hariri.

Siyadharau mafanikio hayo. Ulimi huhisi chenga inayozidi kama mikroni 30, na chokoleti ya kiwandani husagwa hadi 20 hivi. Baada ya kusaga hubaki kazi ya kuigandisha. Mafuta ya kokoa yanaweza kuganda kwa namna 6, na ni moja tu inayotoa kile kipande kinachong'aa na kulia kinapovunjwa. Ili kuipata, chokoleti nyeusi huyeyushwa hadi nyuzijoto 45 au zaidi, ikapozwa hadi 28 hivi, kisha ikapashwa tena hadi 31 au 32. Ukikosea nyuzi chache itatoka imefifia na ina madoa meupe. Huu ni ustadi wa kweli, na anayeumudu anastahili heshima.

Hata hivyo una gharama yake. Kila hatua kuelekea ulaini ilikuwa hatua ya kutoka nyumbani. Mashine ya kukamua haiingii jikoni, wala hakuna mama awezaye kukoroga sufuria siku tatu mfululizo. Ulaya ilipata kipande bora, lakini kazi yote ikahamia kiwandani, na nyumbani ikabaki kufungua karatasi.

Shahidi kwamba si lazima kuufuata ulaini huo ni mji wa Modica, kisiwani Sicily, uliokuwa chini ya taji la Hispania. Hadi leo chokoleti ya Modica huandaliwa kwa joto dogo, sukari haiyeyuki, na ukiitafuna unasikia chembe zake zikilia. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya uliipa jina lake ulinzi rasmi wa kijiografia. Ulaya yenyewe, kwa sheria yake, imekiri kwamba chenga si kasoro.

Hivi karibuni, tangu miaka ya mwanzo ya 2000, wako watu wa Marekani na Ulaya walioamua kuirudisha kazi yote nyumbani wakiwa bado wanataka kipande laini. Chombo kilichowawezesha kilitoka India: mashine ndogo ya mawe inayozunguka, iliyobuniwa kusagia mchele na dengu zilizolowekwa kwa ajili ya vyakula vya Kihindi viitwavyo idli na dosa. Waliijaza kokoa na sukari, wakaiacha izunguke saa 24 au zaidi. Yaani hata waliotaka ulaini walilazimika kurudi kwenye jiwe, na jiwe lenyewe lilikuwa la nafaka.

Kwenye mizani

Tukizipima mila hizi, tofauti yao kubwa haiko kwenye ubora. Iko kwenye kile ambacho kila moja inadai kutoka kwa nyumba. Njia ya kikombe inadai kikaango, ungo, jiwe au kinu, na asubuhi moja. Njia ya kipande laini inadai mashine, umeme wa saa nyingi, kipimajoto na chumba baridi.

Hali ya hewa nayo ina kauli. Kipande cha chokoleti ni mtoto wa nchi za baridi. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa wakati wa kaskazi hulegea mfukoni, na kikiganda tena hupauka. Kisahani cha tablea hakijali, kwa sababu hakikukusudiwa kung'aa bali kuchemshwa. Si ajabu kwamba mila za nyumbani zimeshamiri kule kule ambako kokoa humea, kwenye joto na unyevu.

Hata kuvundika, ambako wataalamu wengi hukufanya sheria, kuna sura mbili. Mexico ipo kokoa inayooshwa na kuanikwa karibu bila kuvundikwa, na watu huipenda kwa vinywaji vyao vya jadi. Ni chungu zaidi, na harufu yake ni hafifu. Kwa chokoleti ya kutafuna hainifai, na hata kwa kikombe mimi huchagua iliyovundikwa vizuri. Lakini siwezi kuwaambia watu walioinywa kwa karne nyingi kwamba wanakosea.

Hukumu yangu ni hii: chokoleti huwa ya nyumbani pale inapokutana na nafaka ya nyumbani. Mexico iliipa mahindi, Ufilipino ikaipa mchele, na kote kuwili mtoto huijua kabla hajajua bei yake.

Na kwetu je?

Kokoa humea mahali pengi ambako Kiswahili husikika: Kyela na Busokelo mkoani Mbeya, bonde la Kilombero mkoani Morogoro, Bundibugyo nchini Uganda, Beni na Mambasa mashariki mwa Kongo. Mahali pote hapo ni kwanza zao la kuuza. Mkulima huivundika, huianika, huipeleka kwenye ushirika au kwa mnunuzi, na safari yake na mbegu hiyo huishia sokoni.

Haikulazimika kuwa hivyo kwa kila zao la biashara. Wahaya wa Kagera walikuwa na kahawa ya kutafuna kabla ya kahawa kuwa zao la kikoloni. Buni huchemshwa pamoja na majani ya kunukia, hukaushwa, na mgeni hukaribishwa kwa kupewa chache atafune. Bei ya dunia inapanda na kushuka, lakini kahawa ile ya mgeni haisubiri mnada. Zao hilo lina mlango wa pili, nao unafunguka ndani ya nyumba.

Kokoa yetu haina mlango huo bado. Najua atakayeuliza: kwa nini nile kitu cha fedha? Swali ni la haki. Desemba 2024, bei ya tani moja katika soko la New York ilivuka dola 12,000, na mwaka uliofuata ikashuka sana. Sisemi familia iache kuuza. Nasema familia inayojua kupika kokoa yake haibaki mikono mitupu siku bei inapoanguka, na inapokaa mezani na mnunuzi huwa inajua ladha ya kitu inachokiuza. Aliyeonja ndiye anayeweza kutofautisha mbegu iliyovundikwa siku 2 na ile ya siku 6.

Sasa itazame Kyela kwa macho ya mpishi wa Manila. Wilaya hiyo hiyo inayotoa kokoa ndiyo inayotoa mchele unaosifiwa kwa harufu nchi nzima. Kandokando yake liko Ziwa Nyasa, na usipa huanikwa kwenye fukwe zake. Mchele, kokoa na samaki mdogo mkavu: kila kilichomo kwenye ile sufuria ya asubuhi ya mvua, Kyela inacho.

Kazi yenyewe ni hii. Chukua nusu kilo ya kokoa kavu iliyovundikwa vizuri. Ikaange taratibu kwa nusu saa, ipoe, ponda, pepeta. Utabaki na gramu 400 hivi. Pasha moto kinu cha chuma, au jiwe kama lipo, twanga na usage hadi ing'ae na kutiririka, kisha finyanga vidonge na uviache vigande kivulini. Chemsha mchele kikombe kimoja kwa maji mengi hadi ulainike kabisa, tia vidonge viwili au vitatu, sukari kwa kiasi chako, mdalasini na hiliki kidogo kutoka pwani, pekecha mpaka povu lipande. Usipa wa kukaanga waweke pembeni.

Chenga utazisikia. Usizionee aibu, wala usizilinganishe na kipande cha dukani, maana hivyo ni vitu viwili vyenye kazi mbili. Ombi langu kwa nyumba za wakulima wa kokoa, kuanzia Kyela hadi Beni, ni dogo: msimu ujao, kabla gunia la mwisho halijafungwa na kupelekwa ghalani, bakizeni kilo moja ya watoto.